Maswali na Majibu: Kijiji Kinapowafungulia Wageni Mlango

Tangu tuliposema kwamba tutapokea barua kuhusu utalii wa vijijini, meza yangu imejaa. Nimechagua nne: moja ya Seme, nyingine ya Nakuru, ya tatu ya Kakamega na ya nne ya Bungoma. Nimezifupisha zilizokuwa ndefu na kuondoa majina ya watu na ya kampuni, kwa kuwa baadhi ya mambo yanayotajwa bado yanazungumzwa barazani. Jibu la kwanza ni refu kuliko mengine kwa sababu barua yenyewe imebeba karibu kila tatizo nililokutana nalo katika miaka niliyofanya kazi ya maendeleo ya jamii huku magharibi.

SWALI: Mshauri, pokea salamu kutoka Seme, Kaunti ya Kisumu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake. Mwekezaji kutoka mjini ametuletea mchoro wa kijiji cha kitamaduni chenye nyumba nane za udongo zilizoezekwa kwa nyasi, uwanja wa ngoma, mkahawa, na gati la mashua kwenye ufuo wetu. Anataka kukodi ekari tano kwa miaka 30 na ameahidi kukipa kijiji sehemu ya faida. Wazee wameridhika, vijana wanataka kazi hata kesho asubuhi, wavuvi wananung'unika, na baadhi ya waumini wanasema tunarudisha mambo tuliyokwisha kuyaacha. Sisi wanawake tumeambiwa kwamba tutapika na kucheza. Tufanyeje ili tusawazishe maslahi ya watu wote hawa bila kukivunja kijiji?

JIBU: Dada katibu, nakushukuru kwa kuandika kabla mkataba haujatiwa saini. Barua nyingi za namna hii hunifikia wakati ambapo kilichobaki ni kutafuta wakili.

Nataka nianze na neno lako, kusawazisha. Katika mikutano mingi niliyohudhuria, kusawazisha maslahi ya wadau kumekuwa na maana ya kuwaorodhesha wadau kwenye karatasi kubwa ukutani, kisha kumpangia kila mmoja fungu lake, wazee kiasi hiki na vijana kiasi kile, na mafungu hayo hupangwa kabla ya mtu yeyote kuulizwa kama analitaka jambo lenyewe. Mimi naamini kwamba mgao ni swali la pili. Swali la kwanza ni hili: nani kati yenu anaweza kusema hapana, na hapana yake ikasimamisha kazi? Mwekezaji anaweza, kwani asiporidhika atakunja mchoro wake aende kaunti nyingine. Mwenye shamba naye anaweza, maana bila saini yake hakuna ekari tano. Mama anayeanika omena, yaani dagaa wa ziwani, ufuoni hawezi, na ndiye atakayehamishwa kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nasema hivyo kwa sababu nilimwona. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye ufuo mmoja wa Ziwa Victoria, mwendo wa saa nne asubuhi, nikizungumza na mama mmoja aliyekuwa ametandaza omena juu ya nyavu kuukuu, akiigeuza kwa viganja vyake ili jua lifike kila upande. Kijana mwenye fulana ya mradi wa utalii akaja, akamsalimu kwa adabu, akamwomba akunje nyavu zake kwa kuwa basi la wageni lilikuwa njiani na wageni hawapendi harufu. Mama alikunja. Wageni walikaa hadi alasiri, na walipoondoka wingu lilikuwa limekwisha kufunga upande wa ziwa. Omena ambayo haijakauka siku hiyo haiuziki tena kuwa chakula cha watu. Inanunuliwa na watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ya kuvunja moyo. Katika hesabu za mradi ule siku hiyo iliandikwa kuwa siku njema, kwa sababu basi zima lilikuwa limelipa kiingilio. Hasara ya yule mama haikuandikwa popote, na hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Alikosa tu mahali pa kuisemea.

Kwa hiyo, kabla ya baraza lolote la pamoja, nawashauri mfanye vikao vidogo vidogo, na mwekezaji asiwepo katika kikao hata kimoja. Wanawake wakae peke yao, na wakati uwe ule ambao hawako sokoni wala ufuoni. Wavuvi wakutane kupitia BMU yao (Beach Management Unit, yaani kikundi cha kusimamia ufuo), ambayo sheria za uvuvi zinaitambua kuwa na sauti katika usimamizi wa ufuo unakoshushwa samaki. Vijana wakae, na waumini pia, kwa maana hofu ya waumini si upuuzi na nitaieleza hivi punde. Baraza ambalo wazee wameketi mbele pamoja na chifu, huku wanawake wakikaa kwenye nyasi nyuma, hutoa makofi kwa urahisi sana, na makofi hayo huandikwa katika kumbukumbu kuwa ni ridhaa.

Jambo la pili ambalo lazima mlijue wiki hii hii ni aina ya ardhi inayozungumzwa, kwa sababu sheria hubadilika kulingana nayo. Ikiwa ekari zile zimesajiliwa kwa majina ya watu binafsi, kama ilivyo sehemu kubwa ya mashamba ya Nyanza, basi kukodisha shamba la kilimo kwa muda mrefu hivyo kunahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi ya eneo lenu, na mke wa mwenye shamba ana haki ya kuulizwa. Nendeni kwenye kikao hicho cha bodi. Ikiwa ni ardhi ya jamii iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, mkataba na mwekezaji hauna nguvu mpaka upitishwe na thuluthi mbili ya wanajamii watu wazima katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Na ikiwa gati litajengwa ufuoni, mwenye shamba la jirani hawezi kuukodisha ufuo, kwa kuwa si wake. Kumbukeni pia kwamba mnamo 2020 ziwa lilipanda hadi likameza nyumba, mashamba na mikahawa mingi ya ufuoni huku Kisumu. Mkataba wa miaka 30 kando ya maji usiposema nani atabeba hasara ziwa litakapopanda tena, basi mtakaoibeba ni nyinyi.

Sasa nije kwenye hilo neno faida. Tafadhali msilikubali. Faida ni kile kinachobaki baada ya mwekezaji kuondoa mishahara, mafuta ya gari, riba ya benki, matangazo na gharama nyingine ambazo yeye peke yake ndiye anayezihesabu, na mwaka baada ya mwaka anaweza kuwaonyesha vitabu halali kabisa vinavyosema kwamba faida haikupatikana. Ombeni sehemu ya mapato, yaani kiasi kinachokatwa katika kila tiketi na kila chumba kabla ya gharama yoyote kuguswa. Heri fungu dogo la mapato kuliko fungu kubwa la faida. Ombeni pia kodi ya ardhi ilipwe kando kwa kiwango kinachopanda kila baada ya miaka michache, maana shilingi ya leo haitanunua kitu kile kile baada ya miaka 20.

Huko Uchina, katika jimbo la Anhui, kuna vijiji viwili vya kale vilivyo karibu, Xidi na Hongcun, ambavyo viliingizwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mnamo 2000. Nyumba zake zinafanana na historia zake zinakaribiana. Xidi utalii uliendeshwa na kampuni ya kijiji chenyewe, ilhali Hongcun, mnamo 1997, haki za kuendesha utalii zilikabidhiwa kampuni ya kutoka Beijing kwa miaka 30. Wageni walikuja kwa wingi Hongcun, na kampuni ile ilijua kutangaza kuliko wanakijiji, hilo halina ubishi. Lakini wenyeji, ambao nyumba zao ndizo zilizokuwa zikitazamwa, walilalamika kwa miaka kwamba walichopata kilikuwa kidogo mno, wakalazimika kudai upya kile ambacho kingeweza kuandikwa tangu mwanzo. Siwaambii mmkatae mwekezaji. Mtaji anao na soko analijua. Nawaambia tu kwamba miaka 30 ni mingi. Ombeni mitano au kumi, yenye kufanyiwa tathmini, na muandike kwamba mkataba ukiisha majengo yatabaki kijijini.

Kuhusu waumini, hofu yao ina kiini ambacho wazee wa kimila nao watakitambua. Mchoro unaonyesha nyumba nane zikizunguka uwanja, lakini nyinyi mnajua kwamba boma la Kijaluo halipangwi kwa kupendeza macho. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, hutazama lango. Nyingine hufuata kwa mpangilio wake, na simba, yaani nyumba ya vijana wa kiume, hukaa karibu na lango. Boma huanzishwa kwa mwanamume kutoka na mwanawe wa kwanza, jogoo, shoka na moto. Hata ile ncha ya mti inayochomoza juu ya paa, osuri, husema kwamba mwenye nyumba yu hai, na akifa huondolewa. Je, kijiji cha mwekezaji ni boma au ni maonyesho? Ikiwa ni boma, ni la nani, na nani atafanya yanayotakiwa? Ikiwa ni maonyesho, semeni wazi kwamba ni maonyesho, msiweke osuri ya mtu ambaye hayupo, na mgeni aelezwe hivyo mlangoni. Nimewaona wazee wa kimila na wachungaji wakikubaliana juu ya jambo hili hili baada ya kubishana mwaka mzima, kwa kuwa wote wawili walikuwa wanapinga kuigiza jambo ambalo kwao si mchezo.

Na nyinyi wanawake mlioambiwa mtapika na kucheza: nani atakandika kuta kila baada ya mvua? Nani atakata nyasi za kuezekea, na kutoka wapi, wakati ambapo nyasi nzuri zinapungua kila mwaka kwa sababu mashamba yamefika hadi kandokando ya maji? Kazi ya kuitunza nyumba ya udongo haiishi, na katika mipango mingi ya utalii huchukuliwa kwamba itafanywa na akina mama bila malipo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa siku zote. Huko Japani, katika kijiji cha Ogimachi eneo la Shirakawa-go, chenye mapaa ya nyasi yaliyosimama kama mikono inayosali, wakazi waliungana mnamo 1971 wakaweka makubaliano ya maneno matatu kuhusu nyumba na ardhi zao: hatuuzi, hatukodishi, hatubomoi. Kuezeka upya paa moja huko ni kazi ya watu wengi wanaosaidiana kwa zamu, desturi ambayo wao huiita yui na ambayo babu zetu huku waliijua kwa jina la saga. UNESCO iliwatambua mnamo 1995, miaka 24 baada ya wao wenyewe kukubaliana. Katika mkataba wenu, kukandika, kuezeka na kufagia viandikwe kuwa kazi zenye ujira, na pawe na mfuko wa matengenezo unaojazwa kutoka kila tiketi. Na kikundi chako kidai viti katika kamati itakayotia saini hundi. Kupika na kucheza peke yake hakutoshi.

Muda wa kuanika omena uandikwe pia, pamoja na mahali pake, kwa vipimo vya hatua. Wageni wanaweza kufundishwa kwamba harufu ile ndiyo uhai wa ufuo, na wengine watalipa ili waonyeshwe jinsi inavyogeuzwa.

SWALI: Mimi ni mkazi wa mji wa Nakuru, lakini nyumbani kwetu ni upande wa Ziwa Bogoria. Mshauri, unawahimiza watu wategemee sheria na mikataba. Babu yangu alihamishwa pale bila kuulizwa ili wanyama na watalii wapate nafasi. Sheria ilikuwa upande gani siku hiyo?

JIBU: Mzee wangu, swali lako ni zito, na sitalijibu kwa kukuambia usahau.

Waendorois, jamii ya wafugaji wa huko kwenu, waliondolewa katika ardhi ya mababu zao baada ya eneo la Ziwa Bogoria kutangazwa hifadhi ya wanyama mnamo 1973. Walipoteza malisho, chumvi ya mifugo, dawa za miti na mahali pa ibada, na wakati huo huo chemchemi za maji moto na heroe wakawa kivutio ambacho wengine walikilipia na wengine wakakikusanyia mapato. Walipokosa haki katika mahakama za hapa nchini, walipeleka shauri lao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki zao za mali, utamaduni, dini, maliasili na maendeleo. Uamuzi huo ulipokewa na Umoja wa Afrika mwanzoni mwa 2010. Tume ilisema jambo ambalo kila mpanga utalii wa vijijini angepaswa kulibandika ukutani: kushauriana na watu hakutoshi ikiwa neno lao haliwezi kubadilisha kitu.

Hata baada ya hapo, mnamo 2011, maziwa ya Bogoria, Nakuru na Elementaita yalipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, Tume hiyo hiyo ililazimika kueleza masikitiko yake kwamba Waendorois hawakuwa wameshirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba hukumu peke yake hairudishi malisho, na utekelezaji umekwenda kwa mwendo unaoumiza. Hata hivyo naona tofauti kubwa kati ya siku za babu yako na leo. Siku zile mkulima au mfugaji alipewa amri. Leo Katiba ya 2010, sheria ya ardhi ya jamii na uamuzi ule wa Bogoria vinampa afisa sababu ya kusita kabla ya kutoa amri ile, na vinampa mwanakijiji karatasi ya kushika mkononi anapoingia ofisini. Karatasi hiyo ina kazi mikononi mwa watu wanaoijua na waliokwisha kukubaliana wao kwa wao. Jamii iliyogawanyika huombwa saini mtu mmoja mmoja, usiku, nyumbani.

Ukipata nafasi, nenda ukawasimulie vijana wa Seme yaliyowapata. Watakusikiliza wewe kuliko watakavyonisikiliza mimi.

SWALI: Mshauri, mimi ni kijana muongozaji wa wageni karibu na Msitu wa Kakamega. Tumejenga nyumba mbili za kienyeji, tunawaonyesha wageni namna ya kusaga wimbi na kusuka vikapu, na tunawapeleka msituni kutazama ndege na nyani. Tatizo ni madereva wanaowaleta wageni. Wanataka nusu ya kiingilio, la sivyo wanapita moja kwa moja bila kusimama. Tukiwanyima tunakosa wageni, tukiwapa hatubaki na kitu. Tufanye nini?

JIBU: Kijana wangu, tatizo lako si geni. Kwenye maboma ya kitamaduni ya kule Maasai Mara limejulikana kwa miaka mingi: mgeni alimpa dereva fedha za kuingia kijijini, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikaishia mfukoni mwa dereva huku wenye boma wakigawana kilichobaki na kulazimika kumwandama mgeni awanunulie shanga. Mgeni naye aliondoka akiwaona wenye kijiji kuwa ni watu wa kuombaomba, ingawa yeye alikuwa amelipa vizuri.

Usimchukulie dereva kuwa adui. Naye ni mdau, na mara nyingi analipwa mshahara mdogo, analala ndani ya gari na kula chakula chake mwenyewe. Anachotaka kinaweza kulipwa, mradi kilipwe mchana na kiasi chake kijulikane na kila mtu. Wekeni bango mlangoni lenye bei moja kwa Mkenya na bei moja kwa mgeni wa nje, ili dereva asiweze kumtajia mgeni bei yake mwenyewe. Malipo yapitie namba ya malipo ya simu iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, si kwa simu ya mwenyekiti, na kila anayelipa apewe risiti yenye namba mfululizo. Kisha muandike, katika kanuni za kikundi, kwamba dereva anayeleta wageni analipwa kiasi fulani kwa kila mgeni, anatia saini anapokipokea, na anapewa chai na chakula cha mchana. Tuseme mgeni analipa shilingi 1,000 na dereva anapata 100: hizo 100 zikionekana kwenye daftari la kikundi, ni gharama ya soko kama nyingine. Nusu ya kiingilio inayotolewa nyuma ya nyumba haijulikani hata kwenu ninyi kwa ninyi, na hapo ndipo kikundi huanza kushukiana.

Kuna njia nyingine, na ndiyo ninayoipenda zaidi kwa upande wenu. Msiegemee wageni wa magari ya safari peke yao. Shule, vyuo, makanisa, na familia za Kakamega, Eldoret na Kisumu zinazotafuta mahali pa kwenda siku ya mapumziko hawaletwi na dereva mwenye kudai nusu. Sehemu yenu ya msitu ni mabaki ya msitu wa mvua wa aina ya ule wa Kongo, na kwa Kenya hakuna mwingine kama huo. Mwalimu wa sayansi atafurahi kuwaleta wanafunzi wake hapo kuliko kuwasomea habari hizo kitabuni. Mgeni wa ndani hulipa kidogo, lakini hurudi, na huja hata mwaka ambao watalii wa ng'ambo wameogopa kusafiri, kama tulivyoona sote mwaka wa 2020.

Tafadhali pia mzungumze na wale wanaokusanya kuni na dawa kando ya msitu, kabla njia zenu za wageni hazijapita katikati ya njia zao.

SWALI: Mimi ni mwalimu katika Kaunti ya Bungoma. Kila msimu wa tohara, wageni wenye kamera hufika, wengine wakiletwa na vijana wetu wenyewe kwa malipo. Wanapiga picha za wavulana wakiwa wamepakwa tope, na picha hizo tunazikuta kwenye mitandao. Kuna wanaosema kwamba huu ndio utalii wa kitamaduni na kwamba tunaikataza jamii kipato. Nini maoni yako?

JIBU: Mwalimu, hapa jibu langu ni fupi na sitalilainisha. Mvulana aliye mbele ya ngariba ni mtoto, na Katiba yetu, katika Ibara ya 53, inasema kwamba maslahi bora ya mtoto yana uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Picha ya mwili wake siku hiyo si bidhaa ya kijiji. Wazee hawawezi kuiuza, baba yake hawezi kuiuza, na kijana mwenye pikipiki aliyemleta mgeni hawezi kuiuza. Hakuna mgao wa haki kwa kitu ambacho hakikupaswa kuwekwa sokoni.

Hata hivyo, Wabukusu wana mengi ambayo mgeni anaweza kuyaona kwa heshima bila kufika pale. Kwa kuwa tohara hufanywa katika miaka ya shufwa, mwezi wa Agosti, mnao mwaka mzima wa witiri wa kukaa na kuamua. Zipo ngoma na nyimbo ambazo watu wazima wanaweza kuziimba kwa hiari yao katika siku nyingine. Ipo historia ya marika, ambayo mzee mwenye kumbukumbu anaweza kuisimulia mchana kutwa bila mgeni kuchoka. Zipo chinyimba, zile kengele ambazo kijana huzipiga anapowaalika jamaa zake, na mafundi wanaozitengeneza wanaweza kuonyesha kazi yao na kuiuza. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni ya 2016 inaitambua jamii kuwa mwenye mali hiyo, inadai ridhaa ya jamii itolewe kabla mtu wa nje hajaitumia, na inaipa kaunti jukumu la kuweka rejista yake. Pelekeni kwenye ofisi ya utamaduni ya kaunti orodha ya mambo yenu katika mafungu mawili, yanayoonyeshwa na yasiyoonyeshwa, na orodha hiyo iandikwe na wazee, akina mama na vijana wakiwa pamoja.

Na wale vijana wanaowaleta wageni msiwafukuze barazani. Wameingia katika biashara hiyo kwa sababu hakuna aliyewapa kazi nyingine katika utalii huo. Wapeni kazi ya kukaa njia panda siku hizo za Agosti, wakiwa na vitambulisho vya kijiji na posho, wawaeleze wageni wapi kamera inaruhusiwa na wapi inawekwa mfukoni. Vijana hao wanawajua kwa sura wageni wanaokuja kila msimu, na wanajua ni njia ipi ya shambani wageni hao wanayopitia.